"Mwaka Mmoja Tu": Digrii ya Kompyuta ya Kaka na Kiwanja cha Goba

Mwaka jana, mwezi wa nne, mama alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kafeteria. Hakuniuliza nimekula nini, na hiyo si kawaida yake. Alisema, "Mwanangu, Ijumaa ukitoka darasani njoo nyumbani. Wewe ndiye unayesomea ualimu. Kuna karatasi za kaka yako nataka uzisome mpaka zieleweke. Kuna mtu anataka kile kiwanja cha Goba."

Kiwanja cha Goba ndicho kitu pekee chenye hati alichotuachia marehemu baba. Kaka yangu alikuwa amemaliza HND ya kompyuta, ile stashahada ya juu ya mfumo wa Uingereza, miaka miwili kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar. Wakala wa vyuo vya nje akamwambia amebakiza mwaka mmoja tu: anaenda Uingereza mwezi wa tisa, anamaliza kabla ya Sabasaba, anarudi na digrii kamili. Wenyewe wanauita mwaka wa topapu. Mama alisikia kama kuongeza salio kwenye simu. Mwaka mmoja tu. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yanauza kiwanja.

Naandika haya kwa sababu tangu kaka aondoke nimeshaulizwa na watu kadhaa hapa hosteli wenye ndugu waliomaliza diploma za kompyuta na wameonyeshwa kipeperushi kama kile. Na pia kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kuelewa vibaya.

Tuanze na hesabu, maana wakala hakuifanya. Kwa mfumo wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, shahada ya kwanza ya heshima ina krediti 360. Krediti 120 ni za mwaka wa kwanza, unaoitwa ngazi ya 4. 120 za mwaka wa pili, ngazi ya 5. Na 120 za mwaka wa tatu, ngazi ya 6. Krediti moja inakadiriwa kuwa saa 10 za kusoma, darasani na nje ya darasa, kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,200. HND ina krediti 240 na inaishia ngazi ya 5. Toa 240 kwenye 360, inabaki 120. Hizo 120 ndizo topapu. (Scotland wana ngazi zao na shahada yao ya heshima ni miaka minne, kwa hiyo hesabu hii usiipeleke kule.)

Maana yake ni kwamba topapu si kozi fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni. Ni mwaka wa tatu wa watu wengine. Wewe unaingia humo kwa mlango wa pembeni, unakaa na watu waliokwisha kuzoea maktaba, walimu na namna ya kusahihishwa ya pale, na wote mnapewa asaimenti moja.

Sasa hapa kwenye neno "ngazi" ndipo watu wanapoumia. Kwetu, vyuo vilivyo chini ya NACTVET vinahesabu NTA: ngazi ya 4 na ya 5 ni vyeti, ngazi ya 6 ni stashahada ya kawaida, ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada. Kwa Waingereza shahada ni ngazi ya 6. Namba ni ileile, vitu ni viwili tofauti kabisa. Mwenzangu wa chumbani ana dada mwenye diploma ya TEHAMA ya NTA ngazi ya 6, na aliniuliza bila utani, "Kama dada yuko ngazi ya sita, si ameshamaliza? Anaongeza nini tena?" Tulicheka, lakini dada yake alikuwa ameambiwa kitu karibu na hicho na mtu anayelipwa kumpeleka. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo mwanafunzi akishasajiliwa, kwa hiyo usitegemee kuwa wao ndio watakaokukatisha tamaa. Dada yule alipoandikia vyuo viwili moja kwa moja, vyote vilimjibu aombe mwaka wa kwanza.

Hata mwenye HND yenyewe hapiti kwa kuonyesha cheti tu. Hili nililiona kwa macho yangu. Jumamosi ile mimi na kaka tulitandaza mkeka sebuleni, upande mmoja tukapanga maelezo ya moduli za HND yake, upande wa pili maelezo ya moduli za mwaka wa pili za vyuo viwili alivyoomba. Nilikuwa ndiyo kwanza nasoma somo la mitaala na tathmini, na kwa mara ya kwanza niliona lina kazi nje ya mtihani. Swali lilikuwa: mwaka wa tatu unadhani mwanafunzi ameshajua nini?

Mitandao alikuwa nayo. Hifadhidata alikuwa nazo. Kutengeneza wavuti na usalama wa mitandao, sawa. Lakini upande wa algoritimu na miundo ya data alikuwa na vipande vipande, na hisabati ya kompyuta hakuwa nayo kabisa, maana HND yake ilielekea zaidi kwenye mitandao. Chuo cha kwanza, kilichokuwa na Sayansi ya Kompyuta, kilimkataa. Cha pili, chenye shahada ya Kompyuta kwa upana wake, kilimkubali. Mama alidhani tumekataliwa kwa sababu ya alama. Ikabidi nimweleze kwamba mwaka wa tatu wa Sayansi ya Kompyuta ni kama kufundisha mtoto kugawanya wakati kuzidisha hajafika. Si kwamba hana akili, kuna ngazi moja hajapanda.

Mimi siku ile nilimwambia mama asiuze. Niseme ukweli, na kaka anajua. Hoja yangu ilikuwa rahisi: ada ya kozi ya kompyuta kwenye chuo cha umma hapa nyumbani haifiki milioni mbili kwa mwaka. Miaka mitatu haitafika milioni sita, na kiwanja kinabaki. Kaka akanijibu kwa hasira kidogo, "Niingie mwaka wa kwanza tena? Nikae na watoto waliotoka fomu siksi jana, nifundishwe tena Java ile ile, halafu nimalize nina miaka 28?" Kwetu mwenye diploma kwa kawaida huanzia mwaka wa kwanza, na miaka yake miwili inamsaidia kupata nafasi tu, haimpunguzii safari. Mfumo wa krediti wa wale wenzetu angalau unakubali kwamba alichosoma mtu amekisoma. Sikuwa na jibu zuri la hilo. Mama akauza.

Pesa nitazieleza kidogo tu, ila kuna jambo moja lililotaka kutuvunja. Ada ilikuwa paundi 14,500, na kaka alishalipa 5,000 za kushikilia nafasi. Kwa viza, wakati anaomba Julai 2025, anayesoma nje ya London alitakiwa kuonyesha ada iliyobaki pamoja na paundi 1,136 za kujikimu kwa kila mwezi, kwa miezi tisa. Jumla paundi 19,724. Kwa bei ya siku zile, paundi kama shilingi 3,500, ni karibu milioni 69. Juu yake kulikuwa na paundi 524 za ombi la viza lenyewe, paundi 776 kwa mwaka za huduma ya afya, kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza na tiketi. Viwango hivi hubadilika, vya kujikimu vilishapanda tena Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo anayeomba sasa asitumie namba zangu.

Jambo lenyewe ni siku 28. Pesa lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Akaunti inaweza kuwa ya mzazi, ukiweka cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Zetu ziliwekwa kwa mama. Siku ya kumi na moja akaja baba mdogo. Gari lake lilikuwa limekwama bandarini, akaomba milioni nne, "kwa siku mbili tu, shemeji." Sasa wewe mjane, umeuza kiwanja cha marehemu kaka yake, pesa zipo benki na yeye anajua zipo, unamkataliaje? Mama alinipigia usiku akilia. Nilimwambia amweleze kwamba pesa zimefungwa na ubalozi. Si kweli, ubalozi haufungi pesa ya mtu. Lakini ukweli wenyewe, kwamba zikishuka siku moja tu siku 28 zinaanza upya na tarehe ya chuo haitusubiri, ungechukua jioni nzima na bado angesema tunamnyima. Baba mdogo alinuna mpaka siku ya kuaga uwanja wa ndege.

Basi kaka akaenda. Na hapa ndipo penye jambo ambalo hakuna kipeperushi kinachoandika.

Asaimenti yake ya kwanza ilikuwa ya hifadhidata: zahanati ndogo inataka kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa, je, itumie hifadhidata ya majedwali au ile isiyo ya majedwali? Maneno 2,000. Kaka anazijua zote mbili. Akaeleza ya kwanza vizuri, akaeleza ya pili vizuri, akaweka michoro, akamaliza. Alipata 41. Kufaulu ni 40. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni, kwa maana hii: umeeleza vizuri sana, lakini wewe ungechagua ipi, na kwa nini?

Aliponisomea kwenye simu nilikaa kimya, kwa sababu ningeandika vilevile. Sisi wa elimu tunakaririshwa ngazi za Bloom za mwaka 1956 mpaka tunaziota usiku: kujua, kufahamu, kutumia, kuchambua, kuunganisha, kutathmini. Tunazikariri, yaani tuko ngazi ya kwanza kabisa ya kitu kinachotuambia tusiishie ngazi ya kwanza. HND ilimfundisha kaka kutumia. Mpe kompyuta, atakuwekea mtandao unaofanya kazi. Ngazi ya 6 inaanzia kwenye kuchambua. Wenzake waliotokea mwaka wa kwanza palepale walishakosea kosa hilo mara nyingi, wakaandikiwa pembeni, wakajirekebisha, na mwaka wa kwanza kwa kawaida hauingii kwenye daraja la mwisho. Wao walikosea bure.

Kaka hakukosea bure. Kwa wanaoingia kwa topapu, vyuo vingi hukokotoa daraja la shahada kwa alama za ngazi ya 6 peke yake. Alama 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, 40 hadi 49 la tatu. Sisi hapa tukiteleza semista moja, GPA inachanganywa na semista nyingine tano, makali yanapungua. Moduli ile ya kaka ilikuwa krediti 20 kati ya 120. Kwa 41 yake, ili afikie wastani wa 60 ilibidi apate karibu 64 kwenye kila kilichobaki. Na daraja la pili la juu si urembo: waajiri wengi kule na kozi nyingi za uzamili ndipo zinapoanzia.

Zaidi ya hapo, majibu ya asaimenti yalirudi baada ya wiki tatu, na kufikia siku hiyo alishakabidhi ya pili akiwa ameiandika kwa mtindo uleule. Ile alipata 48. Kwa hiyo mtu anapokuja kuujua mchezo, theluthi ya shahada yake imeshaandikwa.

Kama kuna kitu kimoja ningependa aliye njiani akifanye kabla ya kupanda ndege, ni hiki: aombe chuo kimtumie swali la asaimenti la miaka iliyopita na vigezo vya kusahihishia, aliandike akiwa nyumbani, ampe mtu mkali alisome. Kaka alitumia ile miezi ya kusubiri viza kujifunza Python zaidi. Python hakuihitaji sana. Alihitaji mtu wa kumuuliza "kwa nini" kila baada ya aya mbili.

Kufeli kule nako si kama sapu ya huku. Kwa kawaida ukirudia moduli, alama inakomea 40 hata ukijibu kama profesa, na marudio mara nyingi ni kiangazi, wakati viza inaelekea ukingoni. Hapa nyumbani mtu akila sapu anapiga msuli likizo, maisha yanaendelea. Kule sapu moja inaweza kugusa makazi, viza na tiketi kwa pamoja.

Halafu kuna kazi. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kaka anapanga mizigo ghalani usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Lisilojulikana sana, na kwa watu wa kompyuta ni hatari hasa, ni kwamba viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri. Rafiki yake wa Sinza alimwomba amtengenezee wavuti ya duka kwa laki tano, kazi ambayo hapa angeifanya wikiendi moja. Ilibidi akatae. Rafiki anasema kaka amebadilika tangu apande ndege.

Kuhusu baadaye, maana najua ndilo swali la kwanza la wengi: ukimaliza shahada yako kule, unaweza kuomba viza ya mhitimu ukatafute kazi. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027, wenye shahada ya kwanza watapewa miezi 18 badala ya miaka miwili. Kaka akimaliza mwaka huu anawahi ile ya miaka miwili. Baada ya hapo anayetaka kubaki anahitaji mwajiri wa kumdhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida cha mshahara ni paundi 41,700 kwa mwaka, kwa wanaoanza kazi 33,400. Kwa kijana wa kompyuta inawezekana, ila si kitu cha kuuzia kiwanja. Topapu za mtandaoni zipo pia na ni nafuu zaidi, lakini hazikupi viza ya mwanafunzi wala hiyo ya mhitimu.

Na anayerudi, TCU ndiyo inayotambua tuzo za nje. Hapo usitupe karatasi za HND. Chuo cha mwisho mara nyingi kinakuandikia matokeo ya mwaka mmoja tu kilichokufundisha, na karatasi yenye mwaka mmoja inayodai kuwa shahada lazima iulizwe miaka mingine iko wapi. Kaka aliacha nakala zake za HND kwenye begi la sare za shule. Nimezihamishia kwenye kabati la mama, pamoja na hati nyingine, ingawa sasa hakuna hati nyingine.

Mradi wake wa mwisho una krediti 40, yaani theluthi nzima ya mwaka. Alichagua kutengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba, na akaijaribu na kikundi cha mama cha mtaani kwetu. Safari hii alianza kwa kujiuliza kwa nini: kwa nini si daftari, kwa nini si programu zilizopo, kina mama watakubali nini na watakataa nini. Chuo hakiruhusu kujaribu programu kwa watu bila kibali cha maadili ya utafiti na fomu ya ridhaa ya kila mshiriki. Nikazichapisha fomu kumi na mbili steshenari ya hapa chuoni, nikazipeleka nyumbani Jumapili. Mama aliishika kalamu, akaniangalia. "Nasaini nini tena? Kiwanja si nilishauza?"

Mradi aliukabidhi wiki mbili zilizopita. Moduli zake za semista ya pili amepata 63 na 66. Ya tatu bado. Matokeo ya jumla yanatoka Julai. Mnunuzi wa Goba ameshamwaga zege la msingi.

Mwenye ndugu aliyeshikilia kipeperushi cha mwaka mmoja tu, huwa nakaa maktaba Jumatano baada ya saa kumi, meza za karibu na dirisha. Aje na maelezo ya moduli zake zote. Kipeperushi akiache nyumbani.